Mtoto Anapokwenda Kukaa Dakhalia Bara: Afundishwe Nini Kabla ya Kupanda Boti?





Tumepokea suali la mzazi wa Pemba ambaye kijana wake amepata nafasi ya kusomea ualimu katika chuo kimoja cha Tukuyu, mkoani Mbeya. Kijana hajapata kulala nje ya nyumba yao isipokuwa kwa mjomba wake. Sasa atakaa dakhalia, au bwenini kama wanavyosema wenzetu wa Bara, na ukifika wakati wa mazoezi ya kufundisha anaweza kupelekwa skuli ya kijijini. Jina alilotajiwa ni Ngana, wilaya ya Kyela. Mama ameshanunua godoro, ndoo na sanduku la chuma, na baba ameshalipa ada. Anatuuliza mambo mawili: jee, kijana atapunguza swala muda wote wa masomo? Na jee, kuna kilichobaki juu yao wazazi?

Masuali ya namna hii yanatufikia kila yanapotoka majina ya waliochaguliwa kujiunga na vyuo, na tumeona tuyajibu kwa pamoja. Suali la pili ndilo kubwa kuliko la kwanza. Vitu vya kwenye sanduku hununuliwa kwa siku moja. Kinachotaka muda ni yale ambayo mtoto alikuwa akifanyiwa na nyumba nzima bila ya yeye kutambua: kuamshwa alfajiri, kuambiwa chakula hiki kinaliwa na kile hakiliwi, kushikwa paji la uso akionekana mnyonge, hata kujua kibla kiko wapi, maana siku zote alikuwa akisimama nyuma ya baba yake. Yote hayo sasa atayafanya peke yake, kiasi cha kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, tena baada ya kuvuka bahari. Basi na afundishwe akiwa bado yuko nyumbani.

Wanyakyusa walifanyaje

Huko anakokwenda kijana huyu watu wake walikuwa na utaratibu wao wa kuwatoa watoto nyumbani, na unafaa kujulikana. Katika uwanda wa Kyela na milima ya Rungwe, mtoto wa kiume wa Kinyakyusa alipofikia umri wa miaka kumi hivi aliacha kulala kwa baba yake. Yeye na wenzake wa rika moja walijijengea vibanda pembezoni mwa kijiji, na kile kilikuwa kijiji chao, wakakua nacho mpaka wakaoa. Watafiti wawili, Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliishi na watu hao katika miaka ya 1930, na mwaka 1951 Monica akatoa kitabu juu ya vijiji hivyo vya marika, Good Company. Jina la kitabu limetokana na neno la wenyewe, ukwangala, yaani kukaa na wenzako kwa raha na mazungumzo mema. Wanyakyusa waliona kuwa adabu na busara mtu huzipata kwa wenzake wa rika.

Mambo mawili katika mila hiyo yametuvutia. La kwanza ni sababu waliyoitoa wenyewe: kijana anayekua hafai kusikia wala kujua faragha ya wazazi wake usiku. Muislamu akisikia hayo anaikumbuka Sura An-Nur, pale Allah alipoamrisha watoto waombe ruhusa nyakati tatu kabla ya kuingia kwa wazazi wao. La pili ni kwamba vijana wale walilala kwao lakini hawakukatwa na chungu cha mama. Walikuwa wakienda kula kwa makundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Kwa hiyo kutoka nyumbani kulikwenda hatua kwa hatua, na kila mama aliwaona marafiki wa mwanawe kwa macho yake, wakila mbele yake.

Hatusemi kila kilichokuwamo katika mila ile ni kizuri, na kwa sehemu kubwa imeshaondoka kwa kuja skuli na uhaba wa ardhi. Lakini tukijiangalia sisi, mtoto wetu hukaa ndani hadi miaka 19 au 20, hajapata kupika wala kufua shuka lake, kisha kwa siku moja tunampandisha boti. Mtoto wa Kinyakyusa wa zamani alipewa miaka kujifunza kile ambacho wetu tunataka akijue kwa usiku mmoja.

Kwa hiyo, ndugu mzazi, miezi iliyobaki kabla ya chuo kufunguliwa ifanye kuwa kijiji chake cha rika. Msimwamshe alfajiri. Mpeni saa yake ya kengele, na siku atakayolala aonje mwenyewe kuswali nje ya wakati, mumkosoe akiwa bado yuko karibu nanyi. Mpeni fedha za matumizi ya wiki mbili mara moja, zikimalizika siku ya tano msiongeze. Huko chuoni fedha za mkopo, wanazoziita "bumu", huja kwa mkupuo, na wapo wanaokula kuku mwezi wa kwanza na mihogo mikavu miezi miwili inayofuata.

Swala: kupunguza, saa na kibla

Tukija kwenye suali la kwanza: akiwa njiani, mtoto wenu ni msafiri bila ya shaka. Masafa ya kupunguza swala kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi ni marhala mbili, kilomita 80 na kitu, na safari ya Tukuyu inazidi hapo mara nyingi. Atapunguza Adhuhuri, Alasiri na Isha, na ataruhusika kukusanya.

Lakini akishafika chuoni na nia yake ni kukaa siku nne kamili au zaidi, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, hukumu ya safari imekatika. Ataswali kamili. Na akihamia Ngana kwa wiki kadhaa za mazoezi, hukumu ni hiyo hiyo: atapunguza njiani iwapo masafa yanafika, na atatimiza akishatua. Wapo wanavyuoni nje ya madhehebu yetu waliosema msafiri hupunguza muda wote asiofanya pale kuwa maskani, na mtoto atakutana na wenzake wanaoishika kauli hiyo. Asigombane nao. Ila ajue kwamba nyumbani tumesoma vyengine, na sababu yake aijue. Tumewaona vijana waliopunguza swala miaka mitatu mizima kwa sababu tu waliona wenzao wanafanya, na ukiwauliza dalili hawana.

Ijumaa inamlazimu mkaazi kama yeye ikiwa inaswaliwa pale alipo, ingawa kwa Shafi yeye hahesabiwi katika wale arubaini kwa kuwa si mwenyeji wa kudumu. Kwa hiyo kazi yake ya kwanza katika mji mgeni ni kuuliza msikiti uko wapi. Mkimpeleka, mfikeni pamoja, mumpeleke kwa imamu, mumtambulishe kwa jina la baba yake. Wilaya zina ofisi za BAKWATA, na vyuo vingi vina jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu. Waislamu kule ni wachache kuliko Wakristo, na mgeni kutoka Visiwani akionekana msikitini Ijumaa ya kwanza hasahauliki.

Sasa kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Saa ya ukutani ni moja Tanzania nzima, lakini jua si moja. Kyela iko magharibi ya Unguja kwa zaidi ya nyuzi tano, na kila uzito mmoja ni dakika nne. Jua la Kyela huzama baada ya la Unguja kwa kiasi cha dakika 20, zikipungua hadi robo saa au zikizidi kukaribia nusu saa kwa kutegemea mwezi wa mwaka. Kijana aliyezoea adhana ya redio ya nyumbani, au aliyeacha programu ya simu ikisoma nyakati za Zanzibar, atafuturu Ramadhani na jua la Ziwa Nyasa bado liko juu ya milima. Funga hiyo haikutimia, na atailipa. Alfajiri ni vivyo hivyo: akisimama kuswali kwa saa ya Unguja, swala imeswaliwa kabla ya wakati wake, na haisihi. Kujizuia mapema na daku hakuna ubaya. Kuswali mapema ndiko kwenye tatizo. Basi kabla hajaondoka, kaeni naye muibadilishe ile programu mbele yenu. Na katika kuanza Ramadhani na Idi awe pamoja na Waislamu wa mji aliopo, asifunge wala asile Idi kwa simu ya nyumbani.

Kibla nacho kinasogea. Unguja na Pemba tunaelekea kaskazini karibu moja kwa moja. Kyela ataelekea kaskazini kisha apinde kidogo mashariki, kiasi cha nyuzi kumi.

Bafu, kitanda na josho

Hapa wazazi wengi huona haya, na kwa haya hiyo mtoto huenda hajui. Mkalisheni, baba kwa mwanawe wa kiume na mama kwa binti yake, mumuulize akuelezeeni josho la janaba tangu nia mpaka maji yafike kila sehemu ya mwili. Binti aelezee hedhi: inaanza lini kuhesabiwa, inakatika vipi, na swala gani inamlazimu pale inapokatika kabla ya jua kuzama. Mtoto aliyehifadhi juzuu kadhaa anaweza kukwama hapa. Tunayasema haya kwa sababu ya masuali tunayoletewa na wanafunzi wenyewe, tena usiku wa manane.

Tukuyu iko kiasi cha mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba baridi yake si ya kawaida kwa mtu wa Micheweni au Makunduchi. Kijana ataamka na janaba, maji ya bomba yanauma kama barafu, na mwenzake atamwambia atayamamu. Ni kweli kwamba Sahaba Amr bin Al-As (R.A.) aliogopa baridi katika vita vya Dhatu Salasil, akatayamamu na akaswalisha, na Mtume (S.A.W.) alipopata habari yake hakumkaripia. Imepokewa na Abu Daud. Lakini hiyo ni kwa anayechelea madhara ya kweli na hana njia ya kuyapasha moto maji. Mwenye birika la umeme chumbani, au jirani mwenye jiko la mkaa, hana udhuru. Mfungieni birika katika lile sanduku baada ya kuuliza kama chuo kinaruhusu.

Mabafu ya mabweni mengi ni ya wazi, vijana wanaoga pamoja hali wamevua kila kitu. Hadithi katika Sahihi Muslim inakataza mwanamume kuangalia utupu wa mwanamume, na mwanamke utupu wa mwanamke, na inakataza wawili kulala ndani ya nguo moja. Basi vikoi viwili vya kuogea vina kazi kubwa kuliko suti, na binti apewe kanga za kuogea asizozionea uchungu kulowa.

Na kuhusu kulala, wazazi wajue neno "kubebana". Nafasi za kulala vyuoni hazitoshi, basi mwanafunzi aliyekosa hulala kitanda kimoja na aliyepata, na gharama wakagawana. Mtoto atakwambia kwa simu kuwa kuna mwenzake amembeba, ukadhani amempa lifti. Ukiacha hadithi tuliyoitaja, mara nyingi jambo hilo linavunja mkataba wa bweni wenyewe, na Muislamu hufunga kwa masharti aliyoyakubali. Kukosa nafasi si kosa lake. Lakini godoro la pili chini sakafuni ni bora, na chumba cha kupanga na wenzake wawili wenye dini ni bora zaidi, hata kama itabidi baba aongeze kitu.

Chakula

Afundishwe majina. Kule hakuna atakayemwambia kuwa hii ni nyama ya nguruwe. Ataambiwa ni "kitimoto", na kwa asiyejua linasikika kama jina la pilau. Katika kibanda kinachokaanga kitimoto na chipsi kwa mafuta yale yale, asile hata chipsi. Nyama ya ng'ombe na mbuzi katika machinjio mengi ya mijini huchinjwa na Waislamu. Vijijini aulize kwa upole nani amechinja, wala haoni mtu vibaya kuulizwa, kwani wenyeji wamezoea. Na asipopata wa kumjibu, Mola amemfungulia mlango mwengine: Kyela ni nchi ya mchele ambao Tanzania nzima inautafuta, na Ziwa Nyasa lina mbasa na dagaa. Samaki hana suali la kuchinjwa. Kijana wa Pemba anayejua kuroweka tui na kukaanga samaki hatakufa njaa Ngana, lakini awe anajua kweli. Mama, muache jikoni peke yake wiki moja.

Akipangishwa kwenye nyumba inayofuga nguruwe, ajue kuwa palipogusika na nguruwe hali ya kuwa na majimaji huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Tope ya njia ya watu wote, ambayo hakuiona najisi ndani yake, imesamehewa. Tunalitaja hili kwa sababu Kyela na Rungwe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini, na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo yote inateremkia uwanda ule. Kuna miezi atakwenda skuli na tope mpaka magotini. Wasiwasi ukimpanda ataacha swala kwa kudhani hana nguo safi.

Homa

Kama mzazi atakumbuka jambo moja tu katika makala hii mbali na swala, na liwe hili. Watoto waliokulia Unguja na Pemba katika miaka hii 15 hivi hawakuijua malaria kama tulivyoijua sisi. Kwa juhudi za miaka mingi maambukizi Visiwani yamekuwa chini ya asilimia 1. Hii ni neema, lakini ina upande wa pili: mwili usioumwa malaria haujifunzi kupambana nayo. Mtu mzima wa Kyela anaweza kuwa na vimelea na akaenda shamba, na mtoto wetu kwa vimelea hivyo hivyo akalazwa. Kyela iko karibu mita 500 tu, ina joto, ina maji yaliyotuama kwenye majaruba ya mpunga, na mbu wapo mwaka mzima.

Basi akiteremka kutoka baridi ya Tukuyu kwenda Ngana, blanketi linaweza kubaki, chandarua kisibaki. Akipata homa, apimwe siku ile ile. Asingoje kesho, asinywe dawa za kutuliza maumivu akajisukuma darasani, wala asitosheke na kuambiwa ni mafua. Wiki chache baada ya kurudi nyumbani kwa likizo pia, homa yoyote apimwe na amwambie daktari kuwa ametoka Kyela. Kujitibu ni katika mafundisho ya dini, na kadi ya bima iwe mfukoni mwake, si kwenye kabati la baba.

Mabinti, na wenzake wa chumbani

Mzazi aliyetuuliza ana mtoto wa kiume. Wenye mabinti wanajua hadithi sahihi katika Bukhari na Muslim juu ya mwanamke kusafiri bila ya maharimu. Hiyo ndiyo asili na ndiyo tunayoifuata katika kujibu. Wapo wanavyuoni wa zama hizi walioruhusu kwa njia yenye amani na kundi la wanawake waaminifu, na hatumshutumu aliyewafuata kwa haja ya elimu. Lakini baba au kaka anaweza kumpeleka mwanzo wa mwaka na kumrejesha mwisho wake, na tunazijua familia nyingi zisizo na uwezo mkubwa zinazofanya hivyo kwa kuweka fedha kidogo kidogo. Akifika akae bweni la wanawake, si nyumba ya kupanga ya mchanganyiko kwa kuwa ni rahisi.

Wenzake wa chumbani huenda wote wakawa Wakristo. Katika Sura Al-Mumtahina Allah hakutukataza kuwafanyia wema na uadilifu wasiotupiga vita kwa ajili ya dini. Awaambie mapema, kwa uso mkunjufu, kwamba ataamka alfajiri na atawasha taa ndogo, na kwamba sufuria yake haipikiwi kitimoto. Yakisemwa siku ya kwanza ni maelezo; yakisemwa mwezi wa tatu ni ugomvi. Naye awe wa kwanza kufagia. Ngana akiwasalimu wazee kwa "ugonile" na kushukuru kwa "ndaga", watamtunza kama mtoto wao.

Na chungu cha mama? Simu ndiyo iliyobaki. Wekeni wakati maalumu, baada ya Isha kwa mfano, na msimuulize kama amekula tu. Muulizeni ameswali na nani leo, nani jirani yake wa kitanda, jina lake, kwao wapi. Waiteni marafiki zake kwenye simu muwasalimu mmoja mmoja. Mama wa Kinyakyusa aliwaona wakila mbele yake. Nyinyi angalau mzijue sauti zao.

Kwa ndugu yetu wa Pemba: kijana atimize swala zake akishatua Tukuyu, na Ngana pia. Kuhusu kilichobaki, kwa kuwa fedha za godoro na sanduku zimeshatoka, tunashauri nauli ya baba kwenda naye itafutwe hata kwa kukopa kwa ndugu bila ya riba, akamuone imamu na akalale usiku mmoja kule.

Wallahu a'lam.